Kipindi cha Sentensi Moja

Mwalimu wa baiolojia hakuwa na gari, hakuwa na mke, hakuwa na mjomba serikalini. Hadubini yake haikuwa na kioo, koti lake halikuwa na vifungo, na sauti yake haikufika dawati la nyuma hata siku wanafunzi waliponyamaza. Lakini pengo kubwa kuliko yote lilikuwa la karatasi: hakuwa na ajira ya kudumu. Alikuwa mwalimu wa muda, na huo muda ulikwisha kuota mvi.

Karatasi hiyo ilitegemea neno la mwenyekiti wa kamati ya shule, seremala mzee waliyemwita Pembemraba kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichokaa upande. Hata msibani aliwahi kuinama katikati ya dua kukagua miguu ya meza.

Siku moja kamati ikagawanyika. Wazazi waliokaa dirishani walitaka watoto wafundishwe mageuko ya viumbe, kama yalivyo kwenye muhtasari wa serikali. Waliokaa mlangoni walitaka wafundishwe kwamba viumbe vina Mbunifu. Wakaitana makafiri na wajinga mpaka chai ikapoa.

"Basi!" Pembemraba akagonga meza. "Yote mawili yafundishwe, tena kwa kipimo kimoja. Hapa hapendelewi mtu. Mwalimu, utaweza?"

"Nitaweza, mzee," akajibu mwalimu, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumatatu Pembemraba akaja kuketi nyuma ya darasa kusikiliza upande wa Mbunifu. Mwalimu akaandika ubaoni: *Viumbe vimebuniwa na Mbunifu mwenye akili.* Akaweka nukta. Akapangusa vidole.

Kiranja wa darasa, binti aliyetaka kuwa muuguzi na ambaye Pembemraba alikuwa babu yake mzaa mama, akainua mkono.

"Endelea, mwalimu."

"Nimemaliza."

"Alibunije?"

"Kamati haikuniambia."

"Alianza na kipi? Samaki au kuku?"

"Binti yangu, hapo ulipokwama ndipo nilipokwama mimi."

Nzi akalizunguka darasa lote, akatoka nje, akarudi, kengele bado.

Baada ya kipindi Pembemraba akamvuta mwalimu kando. "Hayo mageuko yatachukua muda gani?"

"Muhula mzima, mzee. Kuna visukuku, kuna urithi, kuna—"

"Na mwenzake kachukua nusu ubao! Meza inayumba hiyo."

"Labda tuurefushe upande mfupi."

Pembemraba akamtazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mteja. "Mguu wa meza haurefushwi, mwanangu. Mmoja ukiwa mfupi, unakatwa ule mrefu."

Wakakata. Muhula ukawa wiki, wiki ikawa kipindi, kipindi kikawa sentensi: *Viumbe hubadilika polepole sana, vizazi kwa vizazi.* Pembemraba akahesabu maneno kwa kidole, akarudia.

"Moja limezidi. Toa 'sana'."

"Mzee, bila 'sana' watadhani yalianza Jumatano yakaisha Ijumaa."

"Toa."

Likatolewa. Baiolojia ikawa imekwisha, na muhula ungali mbichi. Vipindi vilivyobaki wanafunzi wakawa wanafagia uwanja. Walifagia mchanga ukaisha, wakafagia udongo, wakafika mahali penye mawe wakayafagia nayo. Shule ikatunukiwa cheti cha usafi. Sifa za usawa wake zikaenea, mpaka mzazi mmoja akaja na daftari: mwanawe alipata hamsini na nne kwa saba mara nane, na mwalimu wa hesabu anang'ang'ania hamsini na sita, je, upande wa pili usisikilizwe? Pembemraba akaamua hamsini na tano. Wakapeana mikono, mzazi kwa furaha, mwalimu wa hesabu kama mwenye homa.

Ndipo kiranja akaja ofisini, ufagio kwapani.

"Mwalimu, mtihani wa taifa una maswali ya mageuko kurasa nzima nzima. Niandike yale maneno sita?"

"Hebu muulize babu yako."

"Nimemuuliza. Kasema mtihani nao upunguzwe."

Mwalimu alitaka kucheka, lakini jicho likamwangukia kwenye viganja vya yule binti. Vilikuwa vimejaa malengelenge.

Kesho yake Pembemraba akaingia ofisini meno nje, karatasi mkononi. "Haya, mwalimu, siku yako imefika! Ajira ya kudumu hii hapa, bado sahihi yangu tu. Wewe iandikie Ofisi ya Elimu kwamba mada imekamilika."

Mwalimu akachukua kalamu. Akaandika ukurasa wa mbele, akageuza, akavuta karatasi nyingine. Tabasamu la mzee likawa linapungua kadiri barua ilivyoongezeka.

"Mbona ndefu hivyo? Hebu nisomee."

"'Mada haijafundishwa,'" akasoma mwalimu. "'Wanafunzi wanajua maneno sita na kufagia. Naomba kibali niwafundishe mageuko yote kila jioni, bila malipo, mpaka siku ya mtihani.'"

"Na Mbunifu ndiyo umemtupa?"

"Nampigia magoti kila asubuhi, mzee, na shukrani zangu sijapata kuzimaliza. Lakini sina namna ya kumpima darasani, nawe huna. Tulimkata mpaka akatosha nusu ubao."

Pembemraba akajikuta amekaa. Akapapasa ukingo wa meza kama anayetafuta mahali pa kupigia randa.

"Ajira utaikosa," akasema hatimaye.

"Najua."

"Tena utaikosa kwa mkono wangu huu. Neno la kamati ni neno."

"Najua, mzee wangu."

"Kichwa hicho hakipiti msumari!" Akaikunja karatasi ya ajira, ncha kwa ncha, akairudisha mfukoni. Hakuondoka. Alibaki anatazama.

Mwalimu akazitia kurasa zake ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza kwa dole gumba toka pembe hadi pembe. Akaandika anwani. Akatembea mpaka posta kabla hawajafunga, akabandika stempu, akaisukuma barua kwenye tundu la sanduku, akasikia ikidondoka juu ya barua za wenzake.