Sentensi Moja ya Safari

Mtaani walimwita Mjerumani, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Alikuwa fundi wa mapazia aliyefunga kibanda chake ili amuuguze mama mkwe, bibi aliyepooza upande mmoja, huku akingoja kumfuata mumewe Ujerumani. Aliyemfundisha lugha ni wifi yake, mpokezi wa hoteli, ambaye Kijerumani alikiokota kwa wageni.

Masomo yalikuwa kila asubuhi, kando ya kitanda cha mgonjwa, wakati wa kumgeuza. Mjerumani alishika mabega na kuinua. Wifi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, maana yeye alikuwa amekwisha vaa nguo za kazini.

"Wann reisen Sie? Unasafiri lini?"

"Ich habe vor, im Mai zu reisen." Ninapanga kusafiri mwezi wa tano.

"Ulimi bado mzito, wifi yangu. Kule utahojiwa, ukibabaika wanakurudisha. Kaka kasema nisikupeleke kwenye mtihani wa lugha mpaka sentensi iteleze."

Mwezi wa tano ukapita. Wifi akasema usijali, sentensi ni ileile, unabadilisha mwezi tu. Im August. Im November. Mjerumani akabadilisha, akafua mashuka, akamlisha bibi uji kwa kijiko, akamsugua mgongo usitoke vidonda. Alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na nyumba nzima ilijua. Hata bibi alijua. Kila sentensi iliposemwa, ule upande mzima wa mdomo wake ulicheka. Mjerumani, maskini, alidhani anafurahia maendeleo yake, akambusu kwenye paji la uso.

Mwezi wa pili bibi akafa. Mjerumani alilia kuliko watoto aliowazaa bibi. Waombolezaji walipotawanyika, wifi aliingia na kikombe chake, akaketi juu ya kitanda kitupu.

"Wifi, nikwambie ukweli, maana sasa hauharibu kitu. Kaka ana mke kule, na watoto wawili. Alioa kabla mama hajaugua."

"Na mtihani?"

"Mtihani gani? Tungempata wapi mtu wa kumgeuza mama?" Akapiga funda la chai. "Chumba hiki nimeshapata mpangaji."

Mjerumani alitazama vidole vyake, vilivyobabuka kwa sabuni na dawa ya mashuka. Matusi alikuwa nayo, tena mazito, ya kwao. Aliyatafuta yote, hakupata hata moja.

Wifi akamtazama, na kwa mazoea au kwa ubaya, Mungu ndiye ajuaye, ingawa mimi nasema kwa ubaya, akauliza:

"Wann reisen Sie?"

"Ich habe vor, morgen zu reisen." Ninapanga kusafiri kesho.

Hakubabaika hata kidogo.

"Haya," akasema wifi, akinyanyuka na kikombe chake. "Leo imeteleza."