Unga wa Kupigia Kura

Usiku wa kuamkia leo, siku ya mkutano mkuu wa mwaka, niliota nimechelewa mkutano. Mimi si mtu wa ndoto. Ninachoota mimi ni moto wa jikoni, basi. Lakini hii niliota, na nitaisimulia kama ilivyokuwa, anayetaka kucheka na acheke.

Kwanza lieleweke jambo lenyewe. Mji wetu wa Kwemashine uko juu milimani, ulianzia kwenye mashine ya kupasulia mbao, na maji hauna. Maji yako bondeni. Wanawake tunashuka na ndoo tupu, tunapanda zimejaa, magoti yanalia. Mwaka huu limeletwa tangi. Mafundi wamepima mji mzima wakasema panapofaa kuliweka ni mahali pamoja tu, ili maji yashuke yenyewe hadi kila nyumba. Hapo mahali ni juu ya shamba langu, alipolala mume wangu, Baba Elifasi. Kaburi lihamishiwe kanisani, tangi likae.

Mimi nimesema hapana. Nimesema sokoni, nimemwambia mchungaji, nimemwambia na mwanangu Elifasi kwenye simu. Pale ndipo ninapotua ndoo kila asubuhi nikitoka bondeni. Natua, napumua, nampa Baba Elifasi habari za mji, najitwika, naondoka. Hayo sikumwambia mtu. Niliwaambia tu kwamba mtu akishalala haamshwi.

Na kwetu mkutano una desturi zake. Asubuhi za mwezi wa saba ukungu ni mzito, jirani yako humwoni, kwa hiyo anayepiga kura huchovya mkono kwenye beseni la unga wa mahindi ndipo aunyooshe, mhesabuji aone weupe. Halafu, jambo likigusa nyumba ya mtu, bila mkono wa mwenye nyumba hiyo kura za wengine wote ni upepo. Mkono unaosubiriwa ni wangu. Nilikuwa nimeapa kuukalia.

Basi naota. Nimeketi kwenye kigoda changu katika uwanja wa soko, na mkono wa kulia nimeukalia kwelikweli. Mwenyekiti wetu, Mzee Shekiondo, hayupo. Mahali pake imekaa ile rimu ya lori inayogongwa kuwaita watu. Imevaa koti lake.

"Habari za asubuhi, wananchi," inasema rimu.

"Nzuri," tunajibu wote. Hakuna anayeshangaa. Mimi kinachonikera ni koti tu, maana mikono yake inaburuta kwenye tope na mwenyewe Mzee Shekiondo analipenda.

Rimu inasema tuanze na yatokanayo na mkutano uliopita. Yatokanayo yanaingia kwa miguu. Limetangulia daraja la mtoni, limefunga bandeji. Nyuma yake kinakuja choo cha soko, taratibu, hakina paa.

"Umefikia wapi?" rimu inakiuliza.

"Kwenye linta," kinajibu choo.

"Mwaka jana ulisema umefikia wapi?"

"Kwenye linta."

"Na mwaka juzi?"

"Naomba nikae," kinasema choo. Tunakisogezea nafasi karibu na wanakwaya, kinakaa, kinainamisha kuta zake.

Inafuata akidi. Mkutano hauna nguvu mpaka akidi itimie, hilo hata mtoto analijua. Kwenye ndoto akidi ni debe la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, limewekwa katikati ya uwanja, na tunatakiwa kulijaza sisi wenyewe. Tunaingia mmoja mmoja na vigoda vyetu, tunatokea upande wa pili. Naingia na mimi. Ndani kuna baridi, na kunanukia maranda ya mbao. Mji mzima umeshapita, na debe halijajaa.

"Amepungua mmoja," linasema debe.

"Nani?" inauliza rimu.

"Mwenye kaburi."

Nasimama. Kigoda kimeganda kwenye mkono wangu, kwa hiyo nasimama nacho. "Marehemu hahudhurii mikutano," nasema. "Hata alipokuwa hai hakuipenda. Jambo lake nalisemea mimi."

"Mama Elifasi," inasema rimu kwa upole, "kwenye mkutano huu hahamishwi mtu bila kuulizwa. Na habakizwi mtu bila kuulizwa. Wewe ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Habari zote za mji nilimpa, hiyo moja niliiruka. Uwanja mzima unaniangalia, na choo kinaniangalia.

"Kamwite," inasema rimu.

Nashika njia ya shambani, kigoda kikining'inia. Njia ni ileile lakini haipandi. Inaingia jikoni kwangu, inapita katikati ya mafiga, na mlango wa nyuma wa jiko unafungukia kwenye mashine ya mbao. Mashine hiyo ilikufa zamani, chuma chake kikauzwa kwa kilo. Sasa inafanya kazi. Msumeno unazunguka bila sauti, na magogo yanajipanga mstari yenyewe, yanasubiri zamu.

Kwenye benchi la mlinzi kimekaa kidole. Nakijua. Ni kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Baba Elifasi, kilichokatwa na msumeno huu mwaka tuliooana. Tulikitafuta kwenye maranda mpaka jioni, hatukukiona. Kimevaa kofia ya sufu.

"Shikamoo, Mama Elifasi," kinasema.

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Kaenda mtoni."

"Kufanya nini? Yule amelala."

"Analala saa ngapi?" kinasema kidole. "Alfajiri akisikia ndoo yako anaamka, anashuka nyuma yako, anapanda nyuma yako. Hakupokei kwa sababu udongo hauachii mikono. Mimi nimebaki kulinda."

Nataka kukijibu, lakini sakafu ya mashine inalowa, maranda yanakuwa mchanga, na niko bondeni. Baba Elifasi yupo mtoni. Amevaa suti tuliyomzika nayo, suruali ameikunja hadi magotini, anajaribu kuinua ndoo yangu ya bluu. Haiinuki. Nimefurahi kumwona mpaka naona aibu, nikasimama tu kama mgeni.

"Baba Elifasi, unaitwa mkutanoni."

"Kuna ajenda gani?"

"Wewe."

Anafikiri. "Yatokanayo yameshapita?"

"Yameshapita."

"Choo kimefikia wapi?"

"Kwenye linta."

Anatikisa kichwa, ananawa miguu. Najitwika ndoo kwa mkono mmoja, tunapanda. Mimi mbele, yeye nyuma, na kweli hatua zake nazijua, ndizo ninazozisikia kila siku nikidhani ni maji yanacheza ndani ya ndoo.

Tunafika pale juu. Kaburi liko wazi, limetandikwa vizuri kama kitanda cha mtu aliyeamka akaenda kazini. Natua ndoo kwa mazoea.

"Siku hizi unatua kwa kishindo," anasema. "Zamani ulikuwa unatua polepole. Nasikia na kifundo cha mguu kinalia."

"Ni goti."

"Huku chini linasikika kama kifundo." Anatazama pembeni. "Mwaka jana wakati wa mvua ulianguka pale kwenye mwamba. Hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Nisingefanya kitu. Nililala hapahapa, nikakusikia unaokota ndoo."

Ukungu unapanda kutoka bondeni. Sikutaka kulia mbele yake, nina miaka sijalia mbele yake. Nikasema lile nisilomwambia mchungaji wala Elifasi. "Wakikuhamisha, na maji yakifika mlangoni, mimi huku nitapita kufanya nini? Kanisani si njia yangu. Habari za mji nitampa nani?"

Baba Elifasi hakuwahi kuwa mtu wa kujibu haraka, na kufa hakukumbadilisha. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, anakunjua suruali mguu mmoja, kisha wa pili.

"Utakuja Jumapili," anasema. "Utakuja mikono mitupu, utakaa chini. Hizi habari zako, Mama Elifasi, hujawahi kuzimaliza hata moja. Unaanza, ndoo inakuharakisha, unajitwika, unaondoka. Ile ya mbuzi wa mke wa Shekiondo aliyeingia kwenye harusi, mpaka leo sijui iliishaje."

"Alikula cheti cha ndoa."

"Usiniambie kwa kifupi," anasema. "Twende, watu wanasubiri."

Tunageuka, na uwanja wa soko uko hapohapo nyuma yetu. Baba Elifasi anaingia kwenye debe. Debe linajaa mpaka ukingoni, maji yanamwagika kidogo, rimu inasema akidi imetimia. Watu wanamsalimia kama mtu aliyetoka safari. Mzee Shekiondo ametokea, anamwomba radhi kwa usumbufu.

"Wanaokubali Baba Elifasi ahamie kanisani na tangi likae mlimani, wanyooshe," inasema rimu.

Ukungu umefunika kila kitu. Watu siwaoni, naona mikono tu, myeupe, imesimama hewani uwanja mzima. Na wa Baba Elifasi umo.

"Huu umepungua," linasema beseni la unga. "Una vidole vinne. Halafu huyu si mwenye nyumba tena. Mwenye nyumba ni mjane. Mkono wake uko wapi?"

"Ameukalia," kinasema kigoda changu.

Kigoda hicho nilikinunua mwenyewe, nimekifuta vumbi miaka yote. Nimekasirika hasa. Lakini nachovya mkono kwenye unga, kigoda kikiwa kimeganda hivyohivyo, najaribu kuuinua. Haupandi. Si kwamba nakataa, hapo nilikuwa sikatai tena. Ni mzito, mzito kuliko ndoo, kwa sababu ukipanda mimi ndiye ninayemwondoa mume wangu alipolala, na kesho asubuhi pale juu hakuna mtu. Nausukuma hadi kifuani, unarudi. Mikono ya wenzangu imebaki juu, maana kwenye mkutano huu mkono ulionyooshwa haushuki mpaka uhesabiwe. Nasikia wazee wanahema. Binti mmoja wa shule, aliyetakiwa kushuka mtoni kabla ya kengele, anashikilia mkono wake wa juu kwa mkono wa chini. Hakuna anayenilaumu.

Baba Elifasi anakuja nyuma yangu. Ananishika kwenye kiwiko, vilevile alivyokuwa akinishika tulipokuwa vijana, alipokuwa akinitwika. Mkono wake ni wa baridi na una unga. Ananiambia alivyokuwa akiniambia siku zote.

"Haya, tusaidiane."

Kigoda kinaanguka chini. Mkono unapanda.

"Umehesabiwa," inasema rimu, na inaanza kulia yenyewe, na mikono yote inashuka.

Niliamka rimu ikigongwa kwelikweli, ya kwanza, ile ya kuwaambia watu wajiandae. Kulikuwa kumekucha, ukungu umekaa dirishani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, kwa sababu nilikuwa nimeulalia. Nikasema, basi, ndiyo ndoto yenyewe hiyo, mkono na ganzi. Nikakaa kitandani nikaanza kuusugua.

Nilikuwa nimelala na sweta, baridi ya mwezi wa saba hailaliki bila sweta. Kwenye kiwiko chake kulikuwa na unga. Nyumbani kwangu unga uliisha tangu juzi, nakula viazi. Nikasogea dirishani, nikaliangalia doa lile vizuri. Gumba upande mmoja, vidole vitatu upande wa pili. Cha mwisho hakikuwapo.

Sikulikung'uta. Nilivaa khanga juu kwa uangalifu, nikabeba kigoda changu, ndoo nikaiacha jikoni. Sikushika njia ya sokoni moja kwa moja. Nilipandia shambani, nikaweka kigoda pembeni ya kaburi, nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pale.

Rimu iligongwa ya pili. Nilimwambia Baba Elifasi kwamba leo nina mkutano, lakini watangoja kidogo. Kisha nikamsimulia ile ya mbuzi, tangu alivyokata kamba mpaka bwana harusi alivyolia, sikuruka kitu.