Skrini ya Kuazima

Mjomba wangu haoni, na kompyuta yake haina skrini. Wageni hushangaa hilo la pili kuliko la kwanza. Wanakuta kibodi mezani, spika mbili ndogo, na mzee aliyeinamisha shingo akisikiliza programu inayomsomea maandishi kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Sisi wengine tunasikia mvumo tu. Yeye hakosi hata herufi, na ndivyo anavyokula: redio humtumia mahojiano, naye huyaweka kwenye maandishi.

Kisa kilianzia kwenye mahojiano hayo hayo. Mtaalamu mmoja alisema kwamba Linux na FreeBSD ni mifumo ya kuendeshea kompyuta, na ni ya ukoo mmoja, ukoo wa Unix, ila kila mmoja umelelewa kwake. Mjomba akanipigia simu.

"Miaka yote nimekaa na Linux. Nataka nijue huyu mwenzake anaishije."

"Kwani Linux imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu. Mtu akihama nyumba lazima awe amefukuzwa?"

Kusema kweli hata mimi nilikuwa nawashwa kujua. Jumamosi nikabeba skrini yangu kutoka nyumbani, maana mfumo huo hausemi chochote wakati wa kuuweka. Lazima mwenye macho asome. Mjomba hapendi kusomewa. Anadai watu huruka wasichokielewa. Siku hiyo ilibidi akae, mikono mapajani, nami nikamsomea kila mstari, hadi ule wa kufuta diski. Hapo nikasita.

"Futa tu. Kazi zangu nimeshazihamisha."

Nikafuta. FreeBSD ikaingia, na juu yake nikaweka programu ile ile ya kumsomea. Kila amri niliyoandika aliiulizia. Hii ya nini? Mafaili huku wanayaweka wapi? Mbona huko kwingine tulikuwa tunaandika vile? Alikuwa anafungua makabati ya nyumba ya watu bila haya, na mimi nilinogewa. Nilinogewa mpaka nikachagua na picha ya kupamba skrini.

"Umeweka nini hapo?"

"Maua, Mjomba."

"Ahsante. Yananukia."

Kisha nikawasha programu yake ya sauti. Kimya. Nikakaza waya za spika, nikaongeza sauti, nikazima, nikawasha tena. Kimya kile kile. Mjomba alipapasa kibodi, akabonyeza vitufe kadhaa, akasubiri.

"Upo?" aliuliza, na sikujua ananiuliza mimi au kompyuta.

Jumatatu redio wangetaka kazi yao, na aliyefuta ni mimi.

"Naweza kuja kila siku nikusomee mpaka tuipate sauti," nilimwambia.

"Ukishaanza kunisomea, mwanangu, mimi kazi sina tena."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Akaigusa kibodi tena.

"Programu yenyewe inafanya kazi?"

"Inafanya. Naiona inapita mstari kwa mstari."

"Basi inasema. Tujue inamwambia nani. Leo humu ndani kuna kitu gani ambacho jana hakikuwepo?"

Niliangalia meza, nikaona aibu. Skrini yangu. Waya wake hubeba picha na sauti pamoja, na FreeBSD, kwa kuikuta imejipanga mbele, ilikuwa inaipa sauti yote. Skrini yenyewe haina spika hata ya dawa. Niliandika amri moja ya kuirudisha sauti kwenye spika za mjomba, na mvumo ukajaa chumbani.

Mjomba alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akapapasa nyuma ya kompyuta, akachomoa waya wa skrini, akanikabidhi.

"Hii rudi nayo."

Maua yakazimika. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza safari, na mimi nimekaa nimeshika waya, sioni kitu wala sielewi kitu.

"Mjomba, inasemaje?"

Akaacha kubonyeza. Kasi ya sauti ile hajawahi kumpunguzia mtu, hata bosi wa redio. Akaishusha, akaishusha tena, mpaka ikawa inatembea mwendo wangu.

"Vuta kiti," alisema. "Tunaanza na mwongozo wa FreeBSD. Usipoelewa niambie, mimi siruki."