Breki Iliyomkataa Kaka

Ukitaka kumuudhi dada yule fundi, mwambie tu, "Hilo liache, ndivyo lilivyo." Lilivyo vipi? Na nani kalifanya liwe hivyo? Pale gereji walimwita Robo, maana kila bolti aliyokuwa akiikaza, ukimuuliza kama tayari, angekujibu bila hata kugeuka: "Bado robo." Hata chai ukimmiminia, ukauliza imetosha, bado robo. Watu walicheka mpaka wakazoea, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye kitambulisho.

Ila kwa miaka miwili sasa Robo hakuwa ameshika breki ya gari lolote. Alipaka grisi, alibadilisha springi, aliziba mipira ya maji. Sababu waliijua wote na hakuna aliyeitaja mbele yake. Kaka yake wa tumbo moja, dereva wa lori la saruji, alipinduka kwenye mteremko wa kona saba, siku moja tu baada ya Robo mwenyewe kurekebisha breki za lori hilo. Kaka alivunjika mkono. Mungu saidia, hakufa mtu. Lori liliharibika vibaya, hapakuwa na cha kupima, na kwenye ripoti yakaandikwa maneno mawili tu: breki zilishindwa.

Robo aliyameza. Lakini kila akinawa mikono jioni alikuwa akizirekebisha breki zile upya kichwani, gurudumu moja moja, akitafuta alipokosea, na hakupaona. Hicho ndicho kilichomla. Lawama angeizoea, mtu huzoea mengi. Kutojua kulimshinda.

Sasa kaka alikuwa amerudi kazini, na alirudi na sharti. Mteremko hashuki mpaka lori lake jipya lifungwe breki ya injini, na wa kuifunga ni mdogo wake.

"Una akili timamu wewe?" msimamizi wa gereji alimuuliza kaka.

"Yeye, au funguo hizi hapa mezani."

Msimamizi akamwita Robo. Alikuwa mtu wa kusema kwa kidole. "Leo Jumatatu. Ijumaa lori linashuka. Likikorofisha, kaka yako anarudisha funguo, na wewe unarudi kwenye grisi mpaka ustaafu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Robo, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye sanduku lililokuwa mlangoni, na mikono ilikuwa inamuwasha.

Wengi wakisikia breki wanafikiria gurudumu. Hii haina habari na gurudumu. Ndani ya injini ya dizeli pistoni inapanda na kubana hewa, na hewa iliyobanwa ina hasira, inataka kuirudisha pistoni chini kwa nguvu. Breki hii inafungua valvu za ekzosi pale pale hewa inapobanwa kabisa. Hewa inatimkia nje, pistoni inarudi chini mikono mitupu, na injini iliyokuwa ikisukuma lori inageuka kulizuia. Robo alisoma kijitabu cha maelekezo mara mbili akacheka peke yake.

"Yaani unaifanyisha injini kazi ya bure, halafu hiyo bure ndiyo inayokuokoa," alimwambia fundi umeme. "Hivi nani alikaa akawaza kitu kama hiki?"

"Mtu aliyewahi kushuka mlima na magurudumu yanafuka moshi," alijibu fundi umeme, kisha akajiuma ulimi. Robo akajifanya anatafuta spana.

Waliinua kabini, wakafungua mfuniko wa valvu. Vyuma vitatu vizito vya breki hiyo, kila kimoja cha silinda mbili, vikaketi juu ya injini mahali pake. Injini ilikuwa imelala siku nzima ikapoa kabisa, kwani chuma cha moto hudanganya kipimo. Robo aliizungusha kwa mkono, silinda moja baada ya nyingine, mpaka valvu za silinda ile zifunge. Kisha akaingiza kibati chembamba cha kupimia, kile mafundi wanachokiita fila, chini ya pistoni ndogo ya breki. Akakaza skrubu mpaka kibati kikawa kinatoka kwa kusitasita, sio kwa kung'ang'ania. Akafunga nati.

"Tayari?" aliuliza fundi umeme, aliyekuwa amejikunja chini ya kabini akivuta waya.

"Bado robo."

Waya zilikwenda sehemu tatu: swichi ya dashibodi, swichi ya akseleta, na kitufe kidogo nyuma ya pedali ya klachi. Dereva akikanyaga mafuta au klachi, breki inakata yenyewe, injini isije ikazimika. Jumanne saa nne waliwasha, Robo akabonyeza koili, ile sumaku ya umeme inayofungulia oili, kwa kidole mara kadhaa oili ijae kwenye vyuma, akafunga mfuniko, akaenda kulijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali.

Loo! Aliondoa mguu kwenye mafuta, na injini ikaanza kukoroma mkoromo mzito wa kukatikakatika, silinda zote sita, hakuna hata moja iliyoruka. Lori lilishuka taratibu bila yeye kugusa breki ya miguu. Alifika chini akicheka kwa sauti. Wafyatua matofali walisimama kumtazama.

Kisha akapanda kaka.

Mkoromo ulianza, ukakata. Ukaanza tena, ukakata moja kwa moja, na lori likaanza kujiachia. Kaka akakanyaga breki ya miguu mpaka matairi yakalia. Aliposimama chini, jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kidevu.

"Umeona?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa anangojea hilo hilo. "Umeona, mdogo wangu?"

Robo akakaa kwenye usukani, akapanda juu, akashuka: mkoromo safi mpaka chini. Kaka akashuka: kimya. Wakabadilishana mara tatu, na mara tatu ikawa vile vile. Mafundi waliokuja kutazama wakapata cha kusema.

"Lori lina wivu hilo!"

"Breki imemkataa, bwana. Akalipe mahari kwanza!"

"Hebu nyamazeni," alisema Robo, ila hakukasirika. Kitu kilikuwa kimemshika shingoni na hakimwachii. Chuma hakijui anayekiendesha ni nani. Sasa hiki kimejuaje?

Jumatano injini ilipopoa akafungua tena mfuniko. Nafasi zote sita zilikuwa vile vile alivyoziacha. Akakagua koili, akakagua oili. Fundi umeme alipima kila waya kwa kifaa chake.

"Swichi ya akseleta?"

"Nzima."

"Kitufe cha klachi?"

"Kinafanya kazi vizuri mno. Ukikigusa hata kwa unyoya, kinakata."

Kaka akajaribu tena. Kimya. Msimamizi alitokea mlangoni, akainua kidole, akakishusha bila kusema neno. Kwa Robo hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa. Jamani, kwa nini tena? Mikono yake ina nini? Aliitazama, yote miwili, ikiwa myeusi kwa oili, akaona hofu inampanda.

Alhamisi mchana wifi yake alimwita wale pamoja, kwa kuwa nyumba ya kaka haikuwa mbali na gereji. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti chake akisikiliza taarifa ya habari. Robo akavua viatu mlangoni, akapita, kidole chake cha mguu kikanasa kwenye zulia.

"Samahani, wifi," alisema mke wa kaka akiweka sahani. "Hilo tundu ni kazi ya kaka yako. Zulia halina hata mwaka."

"Amelitoboaje?"

"Kwa mguu, mama! Akikaa hapo anakanyaga, anakanyaga. Akisikiliza habari, anakanyaga. Watoto wakigombana, anakanyaga. Nikamwambia, baba, hiyo ni nyumba, haina gia."

Kaka alicheka kidogo. Robo hakucheka. Alikuwa amechuchumaa analitazama tundu. Lilikuwa la ukubwa wa kisahani, mbele ya kiti, na lilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia zulia lilikuwa zima kabisa. Akainua macho, akautazama mguu wa kushoto wa kaka yake, uliokuwa umebonyea pale kwenye tundu vidole vimejikunja, wakati mwenyewe anauliza chumvi iko wapi.

"Kaka, kula haraka," alisema. "Tunatoka."

Kwenye mteremko wa matofali Robo hakukaa kwenye kiti. Alilala sakafuni mwa kabini, kichwa karibu na gia, tochi mkononi.

"Mtu mzima wewe, utakaaje huko chini?"

"Endesha."

Lori likaanza kushuka. Mkoromo ukaja. Na hapo Robo akauona mguu wa kushoto ukijiinua wenyewe, taratibu, ukaja kutua juu ya pedali ya klachi, ukabonyea. Mkoromo ukakata.

"Kaka, toa mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Sijakanyaga kitu!"

Robo akaushika mguu kifundoni, akauvuta. Injini ikakoroma. Akauachia. Mguu ukarudi pale pale, na injini ikanyamaza. Kaka akatazama chini, akauona mguu wake ulipo, na uso wake ukabadilika. Alisimamisha lori pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Robo akajipandisha kwenye kiti.

"Siku ile," kaka alisema, "nilikanyaga klachi nishushe gia. Gia ikagoma kuingia. Nikabaki nimekanyaga, natafuta, natafuta, lori limeshakuwa huru. Sikuachia klachi mpaka tunapinduka."

"Na breki?"

"Zilishika. Zilishika mpaka zikaungua. Breki zako zilinipigania, mdogo wangu." Alikuwa anautazama usukani. "Nikiwa kwenye machela wakaniuliza, breki zilishindwa? Nikasema ndiyo. Nilidhani ni la siku moja tu. Kesho yake nikasikia wamekutoa kwenye breki, nikasema nitasema. Kesho nyingine nikasema nitasema. Ndiyo maana nilikutaka wewe kwa hii. Nilifikiri ukirudishiwa kazi tutakuwa tumemaliza."

"Miaka miwili!" Robo alipiga kelele. "Miaka miwili, Kaka, nazikaza zile breki kila jioni!" Akafungua mlango, akaruka chini, akalizunguka lori zima, akalipiga tairi teke, akaumia, akalipiga tena. Alikuwa analia na hakujificha. Mzigo wote ule, kumbe haukuwa wake! Alizunguka mara ya pili. Mara ya tatu akasimama chini ya dirisha la dereva, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Gia ya ngapi?"

"Nini?"

"Ulikuwa unatafuta gia ya ngapi?"

"Ya tatu. Nikitokea ya tano."

"Kwa mwendo ule?" alisema Robo. "Isingeingia hata kwa dawa." Akapanda ndani. "Kesho asubuhi unayasema haya mbele ya watu wote. Sio kwa msimamizi ofisini. Mbele ya wote."

Ijumaa saa moja kaka aliyasema, kofia mkononi, mafundi wote wamesimama. Fundi umeme alitazama chini. Msimamizi alikohoa, akaenda ofisini, akarudi na sanduku la vifaa vya breki, akaliweka miguuni pa Robo, na kwa mara ya kwanza hakuinua kidole.

Robo alipanda kabini na kipande cha zulia, kile chenye tundu, alichokikata kwa ruhusa ya wifi yake, akakifunga kwa bolti nne sakafuni, kushoto kwa klachi. "Mguu wako unapajua hapa," alimwambia kaka. "Ukae hapa. Ukiihitaji klachi, uombe ruhusa." Kisha akaketi kiti cha pembeni, akajifunga mkanda.

Kona ya kwanza kaka aliukumbatia usukani. Kona ya pili mguu ulinyanyuka. Robo akaugonga kwa fila, ukarudi kwenye zulia. Kona ya tatu, ile ya ajali, walipita injini ikikoroma silinda zote sita, na kaka hakugusa breki ya miguu. Ya nne, ya tano, ya sita. Baada ya ya saba barabara ikanyooka, na kaka akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani miaka miwili.

"Mdogo wangu," alisema, macho mbele. "Umenisamehe?"

Robo alitazama nje kwenye kioo cha pembeni, mteremko ukibaki nyuma yao.

"Bado robo," alisema.