Mkeka wa Bibi Fusipala

Kelepi alikuwa na fulana nyeusi iliyoandikwa kifuani FIKIRI KABLA YA KUKOPA. Alipewa kwenye semina ya vijana, katika ukumbi wa kanisa, pamoja na soda na mkate, na ndiyo aliyoivaa siku alipokwenda kukopa. Shangazi yake Melenaite alipokuja kulijua hilo hakuhuzunika. Alimdharau tu, kwa moyo mkunjufu, kama alivyomdharau tangu alipoota ndevu.

Alikopa kwa ajili ya sifa. Kila mwaka, siku ya sadaka kuu, majina husomwa kanisani kwa sauti pamoja na alichotoa kila mtu, na mwaka uliopita jina la Kelepi lilikuja chini ya la binamu yake Hakeai, muuza kuku. Kijana akaona afadhali afe. Mshahara wake wa duka la simu ulikuwa haufiki hata kwenye mafuta ya gari, ambalo nalo lilikuwa la mkopo. Basi akauchukua mkeka wa bibi yake, laini kama kitambaa, akauweka rehani kwa Bi Lesieli. Wakopeshaji wa hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, hawahangaiki na hati za nyumba. Wanataka mikeka, kwa sababu wanajua siku ya msiba mwenye mkeka atarudi mbio kuukomboa.

Jina lake likasomwa la kwanza. Watu wakapiga makofi, na Bi Lesieli akapiga kuliko wote.

Mkeka ule ulikuwa umebakiza kazi moja tu duniani, kumlaza Bibi Fusipala siku atakapokufa. Akafa Jumanne alfajiri. Melenaite, binti yake, akafungua kasha la mkeka akakuta blanketi.

"Mkeka wa mama uko wapi?"

"Shangazi, nilikuwa naukomboa mwezi huu."

"Sijakuuliza mwezi. Nimeuliza mkeka."

"Uko kwa Bi Lesieli. Riba imekua, sikujua inakua vile."

"Kumbe semina ulifuata mkate." Akamwangalia kuanzia miguuni. "Sasa bibi yako tumlaze juu ya makofi?"

Kelepi akarudisha blanketi kashani. Shangazi hajibiwi.

Melenaite akatia akiba yake yote kwenye bahasha akaenda kwa Bi Lesieli. Mwanamke yule hakuigusa bahasha.

"Siku zilipita, dada. Mkeka ni wangu sasa. Hela zako weka, tutaonana msibani."

Wakaonana kweli. Bi Lesieli aliingia na binti zake wakiwa wameukunjua mkeka na kuunyanyua juu ili kila mtu auone, akautoa kuwa rambirambi yake. Waombolezaji wakanong'ona kwa kusifu. Melenaite aliiona ile pembe aliyoishona mwenyewe akiwa msichana, kwa uzi usiofanana. Ulimi wake ulimwasha. Akashukuru kwa maneno yote yanayotakiwa, kisha akamlaza mama yake mahali pake.

Sasa kwa desturi aliyeleta zawadi kubwa kama ile harudi mikono mitupu. Ilidai nguruwe mkubwa, na nguruwe wa nyumbani walikuwa wameshachinjwa.

"Wewe ndiye uliyetuletea deni hili," alimwambia Kelepi. "Katafute nguruwe. Uza chochote."

Kabla ya jua kuwa kali Kelepi akarudi na nguruwe jike, tumbo linaburuzika chini. Wakamkabidhi kwa Bi Lesieli mbele ya watu, naye akapokea akitabasamu, pengine zaidi ya ilivyofaa msibani. Kwa dakika moja Melenaite alidhani labda kijana ana chembe ya damu ya Fusipala. Akamvuta pembeni.

"Umeuza simu?"

"Hapana, Shangazi."

"Gari?"

"Gari bado lina deni."

"Nguruwe umemtoa wapi?"

"Kwa Bi Lesieli. Ana zizi nyuma ya duka. Kanikopesha kwa bei nzuri tu."

"Kwa rehani gani?"

Kelepi akageuza macho kwenye mikeka waliyoileta waombolezaji, iliyorundikwa karibu na kichwa cha marehemu. "Miwili tu ya hiyo, Shangazi. Mwezi ujao naikomboa."

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu alikuwa anakopa matangani. Melenaite alimtazama ndevu, ile fulana nyeusi aliyoivalia msiba na yale maandishi kifuani.

"Vua hiyo fulana," alisema. "Humu ndani kuna watu wanaojua kusoma."