Kiti Mbele ya Ngazi

Wiki nzima mji haukuwa na habari nyingine: Ngazi anabaki au anaondoka? Ngazi ndiye aliyekuwa roho ya timu ya mpira wa kikapu, kijana mrefu hata kila mlango aliupita kwa kuinama kama anayeingia kwa wakwe. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, timu kubwa ya mbali ilikuwa inamtaka, na mwenyewe alikuwa amefunga mdomo. Kwa kinyozi wakawa wanabishana, kwenye foleni ya benki wanabishana, na redioni kulikuwa na bwana mmoja aliyezungumza utadhani analala chini ya kitanda cha Ngazi.

Mtu mmoja tu hakuwa na wasiwasi, naye ni dereva wa basi la timu.

"Haendi popote," aliwaambia watu. "Andikeni, mje mnidai. Nimebeba wachezaji miaka kumi na nne, nawajua. Mtu anayetaka kuondoka huanza kuhamisha vitu vyake kidogo kidogo. Leo taulo, kesho viatu, keshokutwa humwoni. Mto wa Ngazi upo kwenye basi mpaka sasa. Na juzi kaniomba nimshonee pazia la dirisha lake. Nani anashona pazia la nyumba anayohama?"

Tusidanganyane: hakuwa anatetea mpira wa kikapu. Hata sheria zake hakuzijua vizuri, na mpaka wakati huo alikuwa akishangilia pale watu wengine wanaposhangilia. Alichokuwa anakitetea ni safari. Ngazi akiondoka, wafadhili wangeondoka naye, timu ingevunjwa na basi lingeuzwa. Kazi angepata nyingine, maana mwenye leseni kama yake hakosi lori la saruji. Lakini binti yake ndiye aliyekuwa mtaalamu wa viungo wa timu, na kila safari alikaa kiti cha kwanza nyuma ya baba yake, akimwongelesha asije akasinzia. Tangu mama mtu afariki, nyumbani wawili hao walikuwa watu wa salamu na "umekula?" Barabarani ndiko walikozungumza. Bila hizo safari, dereva alijua kabisa, angebaki na kuta.

Jumatano asubuhi meneja akaja gereji, simu sikioni.

"Kile kiti mbele ya Ngazi, kirudisheni. Kabla ya Ijumaa," akasema, akaenda zake.

Miaka mitatu nyuma dereva mwenyewe ndiye aliyeking'oa kiti hicho, kwa sababu magoti ya Ngazi yalikuwa yanamgonga kidevu. Tangu hapo kiti kililala stoo, na paka wa gereji akakifanya chake. Makanika aliposikia kinarudi, spana ilimponyoka.

"Kwisha habari yake! Kama miguu haipo, nafasi ya nini?"

Kufika saa sita habari ilikuwa kwa kinyozi, imeshatiwa chumvi: Ngazi amekwishapanda ndege.

"Meneja ana sababu zake," dereva akasema, akiwa amepiga magoti anafunga boliti. "Haendi popote." Alisema kwa sauti ile ile. Ila nati moja aliikaza, akatoka, akarudi kuikaza tena.

Mchana binti yake akamletea chai.

"Baba, nina jambo nataka kukuambia. Tangu Jumapili natafuta nafasi."

"Najua. Hata wewe wamekutia hofu."

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Mwanangu, nisikilize mimi!" Akaanza tena, mto, pazia, wachezaji wote waliowahi kuhama na walivyobeba taulo zao. Chai ikapoa. Binti akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akakusanya vikombe na kwenda zake.

Ijumaa asubuhi Ngazi akaja mwenyewe. Akainama, akaingia kwenye basi, lakini hakwenda kwenye kiti chake. Alikaa kile cha kwanza, nyuma ya dereva, akanyoosha miguu kuelekea ngazi za mlangoni.

"Hapa panatosha, Mzee. Kumbe siku zote nilikuwa najitesa kule nyuma."

"Unabaki?"

"Nabaki. Nimesaini jana. Watatangaza jioni."

Dereva aliishika honi akaibana mpaka makanika, aliyekuwa chini ya basi, akajigonga kichwa. "Nilisema!" akapaza sauti. "Nilisema mimi, mkaniona mzee anayeota!" Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akageuka. "Lakini hicho ni kiti cha binti yangu. Yeye atakaa wapi?"

Ngazi akatazama viatu vyake.

"Nilidhani ameshakwambia. Yeye ndiye aliyekwenda kwa meneja kupanga mambo ya viti: mimi nihamie hapa, na kile cha mbele yangu kirudi. Amesema nikae hapa nikuongeleshe, hasa baada ya ule mlima, ndipo unaposinzia. Mimi si mwongeaji, Mzee, unanijua. Basi akaniandikia." Akatoa karatasi mfukoni. "La kwanza, nikuulize lori lako la kwanza lilikuwaje."

Mji mzima, na dereva akiwa wa mbele, walikuwa wanamchunguza mtu asiyekwenda popote. Anayeondoka alikuwa anamletea chai. Aliona aibu, akashuka.

Alimkuta binti yake katika chumba cha matibabu pale uwanjani, anakunja bandeji. Akapanda juu ya kitanda cha wagonjwa, miguu ikining'inia.

"Sema."

"Niseme nini, baba?"

"Lile la Jumatano. Nilisema najua. Sikujua."

Binti akaweka bandeji chini, akasema. Ni hospitali ya watoto, mwendo wa siku nzima kwa gari. Kazi ni kuwafundisha kutembea upya waliovunjika kwenye ajali. Anaanza mwezi ujao. Mara tatu dereva alitaka kumkata maneno, na mara tatu akajiuma mdomo. Ilimuuma sana, na hapo hapo alijiona mkubwa kuliko mji mzima, kwa kuwa na mtoto kama huyu.

"Nani atakupeleka?"

"Baba, mabasi yapo."

"Yanaendeshwa na nani? Nitaazima gari la mjomba wako. Siku nzima utaongea wewe, mimi nanyamaza."

"Wewe? Kunyamaza?" Binti alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Naanza sasa hivi," baba yake akasema. "Hao watoto, wa kwanza utakayempokea ana umri gani?"

Halafu akangoja jibu.