Nyundo ya Kung'olea Risasi

"Hii au ile?" bosi aliuliza mara ya pili, na Wilondja bado anaitazama meza.

Vifaa vilikuwa viwili. Koleo la chuma, linalofungwa kwenye mashine palepale karakana, hukamata kichwa cha risasi na kukivuta bila kelele. Cha pili ni nyundo ya plastiki yenye shimo kichwani: unatia risasi, unafunga kifuniko, unagonga juu ya ubao mpaka kichwa cha risasi na baruti vidondoke ndani. Koleo ni la haraka. Nyundo inabebeka.

Risasi mia tatu ambazo Wilondja alizijaza Alhamisi katika karakana hiyo ya risasi zilikuwa na baruti iliyozidi, kwa kuwa alisahau kurudisha kipimo cha mashine kwenye kiwango chake. Moja tu ingetosha kupasua bastola mkononi mwa mteja. Bosi hakufoka. Alisema tu zifunguliwe zote kabla ya Jumatatu, la sivyo asirudi, na upole ule ulimwaibisha Wilondja kuliko matusi.

Mwenye akili angechukua koleo. Lakini koleo maana yake ni kushinda Jumamosi nzima mbele ya wenzake akibomoa kazi yake mwenyewe, huku wakimtupia jicho la pembeni. Akachukua nyundo, aende nayo nyumbani.

Aibu nyingine ilikuwa nyumbani. Tangu wafike Haltom City mwaka 2005, miaka miwili sasa, mkewe Véronique na kanisa zima waliamini kwamba shemasi Wilondja yuko kiwanda cha vipuri. Angewaambiaje? Walikimbia kwao Fizi kwa sababu ya risasi, naye kazi ya kwanza aliyopata Marekani ni kuzitengeneza. Severin, kaka yake Véronique, alizikwa na moja kifuani.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wilondja iliishia sakafuni jikoni, Jumamosi saa tano asubuhi. Alikuwa amepiga magoti, nyundo mkononi, Véronique aliporudi mapema kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi. Alisimama mlangoni na sare yake. Bakuli lake la ugali lilikuwa limejaa vichwa vya risasi.

"Papa Zoé," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "ile ni nini?"

"Ni vipuri."

"Miye najua masasi."

Wilondja alilifunika bakuli kwa kiganja.

"Njo kazi unatumikaka? Miaka mbili?"

"Njo kazi yenye nilipata. Ni za kupigia shabaha za makaratasi tu, mama. Haziue mutu."

"Na mwenye alitengeneza ile ya Severin, aliambiaka bibi yake nini?"

Wilondja alitamani matusi, alitamani hata kofi, lakini Véronique aliweka mkoba chini, akavua viatu.

"Sasa unazibomoa juu ya nini?"

"Nilikosea baruti. Bosi anataka zifunguliwe zote."

"Ulikosea," alirudia Véronique taratibu.

Akapiga magoti, akamnyang'anya nyundo. Aligonga mara moja, mbili, kwa nguvu kupita kiasi. Mara ya tatu kichwa kikadondoka. Akafungua kifuniko, akamwaga baruti kwenye sahani, akaitazama.

"Jumatatu utarudia kujaza zingine?"

Wilondja alianza kuhesabu risasi zilizobaki.

Véronique hakumwangalia. Alinyoosha kiganja tu.

"Leta ingine."